Treni ya TAZARA: ratiba hutolewa Dar, huamuliwa Mlimba

Treni ya abiria ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikiingia Mbeya ikiwa imechelewa saa sita, kila mtu kwenye jukwaa huuliza ilikwama wapi. Mara nyingi haikukwama popote. Ilitambaa. Ilipunguza mwendo mahali hamsini, ikasubiri treni ya mizigo ipite mahali patatu, halafu ikafika chini ya mlima usiku wa mvua ikiwa na kichwa kimoja kilichochoka. Ukitaka kuelewa historia ya huduma hii ya abiria kati ya Dar es Salaam na New Kapiri Mposhi, usianzie kwenye siasa za Beijing. Anzia Mlimba, mkoani Morogoro, pale reli inapoacha bonde la Kilombero na kuanza kupanda kwenda Makambako.

Lakini siasa hatuwezi kuziruka kabisa, kwa sababu ndizo zilizoamua reli ipite wapi na ijengwe kwa ajili ya nani. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru. Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikishuka kwenda baharini kwa reli za kusini, ikajikuta imeshikwa koo. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema mwaka 1964 kwamba reli ya kwenda Dar haitalipa. Mwalimu Nyerere alikuwa amefika China Februari 1965, Kaunda akaenda 1967, na tarehe 5 Septemba 1967 nchi tatu, Tanzania, Zambia na China, zikatia saini makubaliano ya kwanza. Mkataba wa mkopo wa China ulikamilika Julai 1970: yuani milioni 988, bila riba, ulipwe kwa miaka 30. Gharama za hapa nyumbani, kama vile mishahara ya vibarua, zililipwa kwa fedha iliyopatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Kwa hiyo mtu aliyenunua baiskeli au shuka la Kichina miaka ile alikuwa anachangia mataruma bila kujua.

Kazi ilianza Oktoba 1970. Kipande cha kwanza, Dar es Salaam hadi Mlimba, karibu kilometa 500, kilimalizika mwishoni mwa 1971. Hapo ndipo mwendo ukabadilika. Kilometa takriban 160 zinazofuata, Mlimba hadi Makambako, zina mahandaki 18 kati ya 22 ya njia nzima, na madaraja 46. Daraja la Mto Mpanga peke yake limesimama juu ya nguzo za urefu wa mita 50 hivi, sawa na jengo la ghorofa kumi na tano. Reli ilivuka mpaka wa Tunduma Agosti 1973, ikafika New Kapiri Mposhi Juni 1975. Abiria na mizigo walianza kubebwa kwa majaribio Oktoba mwaka huo, na makabidhiano rasmi yakafanyika tarehe 14 Julai 1976. Njia nzima ni kilometa 1,860: karibu 975 upande wa Tanzania na 885 upande wa Zambia, yenye madaraja 320. Wachina zaidi ya 60 waliofia kazini wamezikwa Dar es Salaam, kwenye makaburi ya wataalamu upande wa Gongo la Mboto, na wenzao wa Kitanzania na Kizambia waliokufa ni wengi pia.

Sasa kuhusu upana wa njia, maana hapa watu huchanganya. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ina upana wa milimeta 1,000. TAZARA ina 1,067, sawa na reli za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Tofauti ni sentimeta 6.7, na inatosha kabisa kuzuia behewa la Kigoma lisiingie kwenye njia ya Mbeya. Ndiyo maana reli hizi mbili zina stesheni zilizo mbalimbali Dar es Salaam: ile ya mjini karibu na bandari, na ile kubwa ya zege kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Leo watu wengi wanaijua TAZARA kama kituo cha daladala chini ya barabara ya juu ya Mfugale kuliko wanavyoijua kama reli. Mizigo inayotaka kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine hupakuliwa na kupakiwa upya Kidatu, ambako tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa linakutana na TAZARA. Upande wa kusini hakuna tatizo hilo. Behewa likitoka Cape Town linaweza kufika Dar es Salaam bila kubadilisha magurudumu, na treni za kitalii za Afrika Kusini zimekuwa zikifanya safari hiyo tangu miaka ya 1990.

Turudi mlimani.

Mteremko mkali kuliko yote kwenye njia hii ni asilimia 2, yaani kila mita 1,000 za mwendo unapanda mita 20. Kwa gari la barabarani huo si mlima, ni kijiinuko. Kwa chuma kinachobiringika juu ya chuma ni habari nyingine. Kila tani ya treni kwenye mteremko huo inarudishwa nyuma kwa nguvu ya kilo 20. Ongeza kilo nne au tano za msuguano na kona, tuseme 25. Chukua treni ya abiria ya mabehewa 15, kila moja tani 43 hivi pamoja na watu na mizigo yao. Hiyo ni kama tani 650. Ongeza kichwa cha tani 120, unapata 770. Kuipandisha kunahitaji mvuto wa tani 19 hivi bila kukoma, kona baada ya kona.

Mvuto huo unatoka wapi? Si kwenye injini peke yake. Unatoka kwenye mshiko wa gurudumu na reli. Kichwa cha ekseli sita kinachokanyaga tani 20 kila ekseli kina tani 120 za kukanyagia. Reli ikiwa kavu, kinaweza kushika robo ya uzito huo au zaidi kidogo, yaani tani 30 na ushei. Reli ikilowa kwa ukungu, ikapata na majani yaliyopondwa au matone ya grisi, mshiko unashuka hadi asilimia 15. Hiyo ni tani 18. Umeona hesabu ilipofika: unahitaji 19, unazo 18. Magurudumu yanaanza kuzunguka bure, reli inang'arishwa pale pale, na dereva asipowahi kupunguza nguvu treni inasimama. Dawa ya kwanza ni mchanga mkavu unaomwagwa mbele ya magurudumu kutoka kwenye visanduku vya kichwa. Neno la muhimu ni mkavu. Mchanga ulionyonya unyevu unaganda ndani ya bomba, na dereva anabonyeza bila kitu kutoka. Dawa ya pili ni kuongeza kichwa cha pili Mlimba. Dawa ya tatu, ya mwisho na ya aibu, ni kuigawa treni: nusu inapandishwa hadi stesheni inayofuata, kichwa kinarudi kuchukua nusu ya pili. Kwa mabehewa ya mizigo hilo linavumilika. Kwa abiria ni usiku mzima porini.

Vichwa vya kwanza vya TAZARA vilikuwa vya Kichina, aina ya Dongfanghong, vyenye nguvu ya farasi 2,000. Vilitumia mfumo wa mafuta kupeleka nguvu kwenye magurudumu badala ya umeme: injini ya dizeli inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha gurudumu la upande wa pili. Ni mfumo mwepesi, na kwenye tambarare unafanya kazi vizuri. Kasoro yake inajitokeza pale pale unapouhitaji. Treni nzito ikipanda polepole, pampu inazunguka kasi na upande wa pili unazunguka taratibu, na tofauti hiyo yote inageuka kuwa joto ndani ya mafuta. Mafuta yakichemka lazima upunguze nguvu, na ukipunguza nguvu unapanda polepole zaidi, na joto linazidi. Mahandaki nayo yanaongeza mateso, kwa kuwa kichwa kinavuta hewa yenye joto na moshi wake chenyewe. Hesabu ya karatasi tu: farasi 2,000 ukiondoa sehemu ya tano inayopotea njiani unabaki na 1,600, na treni yetu ya mabehewa 15 itapanda kwa kilometa 23 hivi kwa saa wakati kila kitu kiko sawa. Kila kitu hakikuwa sawa kwa muda mrefu.

Mwaka 1983 vikaja vichwa vya farasi 3,000 aina ya U30C, ramani ya General Electric ya Marekani, vilivyotengenezwa Ujerumani na Krupp. Hivi vinatumia umeme: dizeli inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Mlima uleule, treni ileile, unapata kilometa 35 kwa saa. Mota za umeme nazo huchemka zikilazimishwa kuvuta kwa mwendo wa kutambaa, kwa hiyo si kwamba mlima ulishindwa, ulipunguziwa kiburi. Kwa maoni yangu vichwa hivi ndivyo vilivyoiokoa huduma ya abiria katika miaka ya 1980, kuliko tamko lolote la mkutano wa mawaziri.

Kushuka kuna adabu yake. Treni inayotoka Makambako kwenda Mlimba inashuka zaidi ya mita 1,200, na nguvu yote iliyotumika kupanda inabidi imezwe na breki. Breki za upepo zimeunganishwa kwa bomba linalopita chini ya mabehewa yote, na bomba likikatika breki hushika zenyewe. Hilo ni salama. Hatari ni dereva anayebana na kuachia, kubana na kuachia, bila kuupa mfumo muda wa kujaa tena. Mwisho anabana na hakuna kitu. Ndiyo maana kabla ya kuanza kushuka treni husimama, fundi huzunguka akikagua mabehewa moja moja, na dereva husubiri kipimo cha upepo kifike mwisho. Abiria huona kisimamo hicho kama uzembe. Kama kuna dakika 20 za safari hii ambazo hazipaswi kupunguzwa, ni hizo.

Sehemu ya juu kabisa ya njia haiko Makambako. Iko Uyole, karibu na Mbeya, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Ukilala daraja lolote usiku wa Juni bila blanketi utaijua bila kuonyeshwa.

Katika historia yake huduma ya abiria imekuwa na treni mbili kuu, kila moja mara moja kwa wiki kila upande. Ya haraka inaitwa Mukuba, neno la Kibemba lenye maana ya shaba. Ya kawaida inaitwa Kilimanjaro, na inasimama kila mahali penye jukwaa, na pengine hata pasipo na jukwaa. Kwenye ratiba iliyotumika kwa miaka mingi, Mukuba ilipangiwa saa 42 na ushei kutoka mwisho hadi mwisho, na Kilimanjaro karibu saa 49. Gawanya kilometa 1,860 kwa saa 42 na nusu: wastani ni kilometa 44 kwa saa, visimamo vikiwemo. Kwa reli ya njia moja yenye mlima kama ule, hiyo ni ratiba ya heshima. Shida ni kuitimiza.

Mambo yaliyoiharibu ratiba hayakuja kwa pamoja. La kwanza lilikuwa bandari: miaka ya mwanzo Dar es Salaam ilisongamana, mabehewa yakakaa siku nyingi yakisubiri kupakuliwa, na vichwa vikakosa cha kurudi nacho. La pili lilikuwa vita. Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia walilipua daraja la reli la Mto Chambeshi, kati ya Kasama na Mpika, na Zambia ikakatika vipande viwili wakati mahindi yalikuwa yanahitajika kuliko shaba. La tatu ni udongo. Kwenye mteremko wa Mlimba mawe yamechakaa na yamechanganyika na udongo mwekundu. Masika ikizidi, kuta za mikato, yaani pale mlima ulipochongwa kupitisha reli, huporomoka na kufunika reli. Kinachozuia maporomoko ni mitaro ya juu ya mkato, ile inayokinga maji kabla hayajafika ukingoni. Mtaro ukijaa majani na mchanga kwa misimu miwili tu, maji yanatafuta njia yao, na njia yao ni kupitia kwenye reli. Jembe na mtu wa genge la matengenezo anayepita kila wiki vina thamani kuliko tingatinga linaloletwa baada ya ajali.

La nne lilikuwa amani, na halina ubaya ila kwa TAZARA. Ubaguzi wa rangi ulipokwisha Afrika Kusini, shaba ikapata tena njia za kusini kwa uhuru, na malori yakapata barabara nzuri. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka ilibeba tani 88,000 tu mwaka wa fedha 2014/2015. Mtu anaweza kudhani mizigo ikipungua abiria watapumua. Ni kinyume. Nauli ya abiria haijawahi kulipia matengenezo ya njia. Mizigo ndiyo iliyolipa. Mizigo ilipokimbia, fedha ya kokoto, mataruma na vipuri ilikimbia nayo, na kichwa kizima kilichobaki kikawa kinagombewa na treni ya abiria na treni ya shaba. Ukisikia treni imeahirishwa kwa "sababu za kiufundi", mara nyingi maana yake ni kwamba kichwa kilichopangiwa kazi hiyo kiko karakana, au kiko Zambia.

Basi, ucheleweshaji wenyewe unajengeka namna hii. Mahali ambapo mataruma yameoza, vibanio vimeibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, au tuta limelegea, mhandisi anaweka amri ya mwendo mdogo, tuseme kilometa 15 kwa saa. Kilometa moja kwa mwendo wa 60 inachukua dakika moja. Kwa mwendo wa 15 inachukua dakika nne. Umepoteza tatu. Na huwezi kuongeza mwendo mpaka behewa la mwisho liwe limetoka kwenye eneo hilo, kwa hiyo treni ya mita 300 inaongeza mita 300 kwenye kila amri. Weka amri hizo kwenye kilometa 60 zilizotawanyika kati ya Dar na Mbeya, na saa tatu zimekwenda bila mtu yeyote kusimamisha treni. Halafu treni iliyokosa ratiba inakosa pia zamu yake ya kupishana. Njia ni moja. Treni mbili zinazokabiliana hupishana stesheni tu, na stesheni nyingi ndogo zilipofungwa, umbali kati ya sehemu za kupishana ukaongezeka. Ukisubiri treni ya mizigo inayotambaa kilometa 40 kwa mwendo wa 40, hiyo ni saa nzima nyingine. Saa mbili zilizopotea Kisaki huwa tano ukifika Makambako. Hazirudi.

Kuna njia ya kujua mwendo wa treni bila kumuuliza mtu. Reli za awali ni vipande vya mita 12.5, na kila kiungio kinagonga. Hesabu milio ya behewa lako, kila unaposikia ta-tak, kwa sekunde 45. Idadi ya milio ndiyo mwendo kwa kilometa kwa saa. Ukipata 15, uko kwenye amri. Ukipata 50, lala. Pale walipochomelea viungio hutasikia kitu, na hapo hesabu nguzo za kilometa.

Jambo ambalo waliosanifu reli hii hawakulipa uzito ni bonde la Kilombero. Wakati wa kujenga, serikali ilihamishia vijiji vya ujamaa kandokando ya njia, kwa sehemu ili viilinde. Watu waliowekwa pale kama walinzi wakageuka wafanyabiashara. Kutoka Kidatu kupitia Mang'ula, Ifakara, Mngeta hadi Mlimba, mpunga, ndizi na samaki viliingia kwenye mabehewa ya daraja la tatu kwa magunia na vifurushi, vikapanda Makambako. Kutoka juu vikashuka viazi, maharage na mahindi ya nyanda za baridi. Masika barabara za bonde zikijaa maji, na kupanda mlima kwa barabara kukiwa ni kuzunguka mbali, treni ya kawaida ikawa soko linalotembea. Ndiyo maana kila ilipopendekezwa kupunguza visimamo vya Kilimanjaro ili iwahi, kelele zilitoka Mngeta na Mlimba, si Dar. Msafiri wa Dar kwenda Mbeya ana basi linalofika siku hiyo hiyo. Mama mwenye magunia manne ya mchele Mngeta hana. Ukiniuliza treni ipi ya TAZARA ni ya lazima, sitataja Mukuba. Treni fupi ya Udzungwa, inayotembea kipande hiki cha bonde na mlima, ilitokana na mahitaji hayo hayo.

Kama unapanga safari, haya ndiyo ya kuzingatia. Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili vitanda sita. Kuna viti bora na viti vya daraja la tatu. Wanaume na wanawake hulazwa vyumba tofauti. Wanandoa wanaotaka kukaa pamoja hulipia vitanda vyote vya chumba, na kwa wanne wanaosafiri pamoja chumba cha daraja la kwanza ndicho chenye nafuu. Thibitisha tarehe ya kuondoka stesheni siku moja kabla, na tena asubuhi ya safari. Usikate tiketi ya ndege au basi la kuunganisha ndani ya saa 24 za muda wa kufika ulioandikwa. Behewa la chakula lina wali, ugali, kuku na samaki, lakini kikipakiwa cha kutosha saa 42 na safari ikawa ya saa 60, siku ya mwisho ni chai na mkate; beba maji ya kunywa lita tano kwa mtu, na karanga. Tochi ni lazima, maana umeme wa behewa unategemea betri zinazochajiwa treni ikitembea. Treni ikisimama muda mrefu taa hufifia, na pampu ya maji ya choo nayo. Usiku funga dirisha kwenye stesheni na libane kwa kipande cha ubao, kwa kuwa komeo nyingi zimelegea na mikono ya nje ni mirefu.

Wanyama wanaonekana kipande cha Fuga hadi Kisaki na Matambwe, ambako reli inapita kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, zamani ikiwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Treni inayotoka Dar mchana inafika huko kabla ya giza kama haikuchelewa kuondoka. Twiga na swala huonekana mara nyingi. Tembo kwa bahati. Mahandaki ya mlima, kwa ratiba hiyo, yanakuta usiku au alfajiri. Kwa hiyo, na nasema hili bila kejeli, treni iliyochelewa saa nne ni treni ya kuona Mpanga mchana.

Tunduma na Nakonde, maofisa wa uhamiaji wa nchi mbili huingia ndani ya treni. Baki kwenye chumba chako ukiwa na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wabadilisha fedha huingia nao. Piga hesabu ya kwacha kabla hawajafika, na badilisha kiasi cha kukufikisha tu. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, na ukisoma ratiba uliza kama muda ulioandikwa ni wa Tanzania au wa Zambia. Watu wameachwa na treni kwa sababu ya saa hiyo moja.

Septemba 2024, mjini Beijing, marais Samia wa Tanzania na Hichilema wa Zambia walishuhudia pamoja na Xi Jinping hati ya makubaliano ya kuifufua reli, na 2025 kampuni ya ujenzi ya China, CCECC, ikapewa mkataba wa miaka 30 wenye uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Tani za shaba ndizo zitakazozungumzwa zaidi. Abiria watazame vitu vitatu: amri za mwendo kati ya Kidatu na Makambako zimebaki ngapi, stesheni ngapi za kupishana zimefunguliwa tena, na kama treni ya abiria ina vichwa vyake isivyogombea na mizigo. Mabehewa mapya yenye rangi nzuri yanakuja mwishoni mwa orodha hiyo. Yaliwahi kuja mapya katikati ya miaka ya 2010, na hayakuongeza hata kilometa moja ya mwendo.

Ukishuka New Kapiri Mposhi, usitafute treni ya Lusaka kwenye jukwaa hilo. Stesheni ya Shirika la Reli la Zambia iko kilometa mbili hivi kutoka hapo, ingawa reli zenyewe zina upana mmoja na zimeunganishwa kwa ajili ya mizigo. Shaba inapita moja kwa moja. Wewe utabeba begi lako hadi barabara kuu, upande basi. Lusaka ni kilometa 200 kusini.